Nani Anauza, Nani Ananunua: Madai Kuhusu Mbao za Kenya na Tanzania

Bei ya mbao ikipanda Nairobi, au mawaziri wa biashara wakikutana Arusha, madai yaleyale hurudi mezani. Tanzania ina misitu, Kenya haina. Tanzania inauza, Kenya inanunua. Kenya imeokoa miti yake kwa kupiga marufuku ukataji, Tanzania inaimaliza ya kwake kwa tamaa ya fedha za kigeni. Aghalabu madai haya huja na jedwali la miaka kumi hivi, mstari mmoja unapanda na mwingine unashuka, na msemaji ananyoosha kidole pale mistari inapokutana.

Kila dai lina chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Lakini ukiyashika moja moja na kuyarudisha nyuma hadi 1961, mwaka ambao takwimu za mazao ya misitu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaanzia, hayasimami. Na sababu ya kutosimama ni karibu ileile kwa yote: anayelinganisha anadhani ana masoko mawili mbele yake, kumbe ni soko moja lililokatwa na mpaka. Kinachokatazwa upande huu huibuka kwenye vitabu vya upande wa pili, au hakiibuki popote.

«Tanzania ina misitu mingi, ndiyo maana inauza»

Sensa ya misitu ya Tanzania Bara, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yote. Kenya, katika tathmini yake ya 2021, ilipata misitu asilimia 8.83. Ukiweka namba hizo mbili pamoja, kesi inaonekana imekwisha.

Ila mbao zinazopita Namanga, Holili na Horohoro hazitoki kwenye hizo hekta milioni 48. Sehemu kubwa ya hizo ni miombo: miti inakua polepole, inayofaa kupasuliwa imetawanyika mmoja huku mwingine kule, na barabara iko mbali. Mbao za ujenzi zinazokwenda Kenya ni paini, pamoja na nguzo za milingoti, mikaratusi kama wengine wanavyoiita, na zinatoka kwenye mashamba ya kupandwa. Sao Hill wilayani Mufindi, ambako miti ya majaribio ilipandwa mwaka 1939 na upandaji mkubwa ukafuata miaka ya 1970, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya serikali. Kulizunguka, na kuingia Njombe na Makete, kuna maelfu ya wakulima wenye ekari mbili tatu za paini. Ukijumlisha yote, ya serikali, ya kampuni na ya wanavijiji, hayafiki hata sehemu moja ya hamsini ya misitu ya nchi. Biashara ya mbao laini ya Tanzania inasimama juu ya kipande hicho kidogo.

Kuna namba nyingine katika NAFORMA hiyohiyo ambayo wapenzi wa dai hili hawaigusi. Sensa ilikadiria kwamba kila mwaka Tanzania Bara inaweza kuvuna mita za ujazo milioni 42.8 bila kula mtaji wake, lakini mahitaji yalikuwa milioni 62.3. Pengo ni milioni 19.5. Kwa upande wa Kenya, uchambuzi uliofanywa na wizara husika mwaka 2013 ulipata ugavi wa mita za ujazo milioni 31.4 dhidi ya mahitaji ya milioni 41.7, pengo milioni 10.3. Nchi inayosemwa ina misitu ya kumwaga ndiyo yenye pengo kubwa zaidi. Sisemi tuzipange nchi hizi kwa mapengo hayo, maana ripoti mbili zilizopimwa kwa njia mbili tofauti hazilinganishwi kirahisi, na sehemu kubwa ya mahitaji pande zote ni kuni na mkaa, wala si mbao. Nasema tu kwamba eneo la msitu halikuambii nani ana ziada ya kuuza.

«Kenya haijawahi kuwa na cha kuuza»

Hili hutamkwa na watu walioanza kufuatilia biashara hii baada ya mwaka 2000, na kwa kipindi hicho wana sababu. Kwa muda mrefu zaidi ya hapo, wamekosea.

Kabla ya reli, kabla hata ya mpaka wenyewe, pwani nzima ilikuwa muuzaji mmoja. Boriti za mikoko za Lamu na za delta ya Rufiji zilipakiwa kwenye majahazi yaleyale, zikasubiri msimu uleule wa kusi, zikaenda kuezeka nyumba za Uarabuni na Ghuba. Sandarusi ilichimbwa Mrima na kuuzwa kupitia Unguja. Wajerumani wakaanza kuisimamia mikoko ya Rufiji kama hifadhi mwaka 1898. Upande wa Lamu biashara ya boriti za kwenda nje iliendelea hadi serikali ya Kenya ilipoikataza mwaka 1982.

Bara, katika enzi ya ukoloni, Kenya iliuza mierezi ya nyanda za juu, iliyopasuliwa vipande vyembamba vya kutengenezea penseli Ulaya, na dondoo la maganda ya miwati la kusindikia ngozi. Tanganyika nayo iliuza dondoo la miwati kutoka Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949. Hapo hakuna muuzaji na mnunuzi. Ni washindani wawili wakikimbilia wateja walewale ng'ambo.

Kisha ikaja karatasi, na hapa ndipo dai linapoanguka kabisa. Kiwanda cha Webuye kilifunguliwa mwaka 1974. Kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata Kenya ilikuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi kilichokula miti yake yenyewe, na Tanzania haikuwa nacho. Kiwanda cha Tanzania, cha Mgololo, kilichojengwa makusudi kutumia paini ya Sao Hill, kilianza kazi katikati ya miaka ya 1980, kikayumba, kikasimama, mwishowe kikabinafsishwa. Webuye ilizima mwaka 2009. Kwa hiyo anayechora mstari wake kuanzia 2010 anaiona Kenya isiyo na karatasi na Tanzania yenye kiwanda, naye anayeanzia 1980 anaona kinyume chake. Wote wawili wamechagua mwaka wao wa kuanzia, na mwaka huo ndio uliowapa jibu.

Mgololo iliponunuliwa, mnunuzi alikuwa familia ya Rai ya Kenya, wenye kiwanda cha plaiwudi Eldoret. Mwaka 2016 familia hiyohiyo ikakichukua na kile cha Webuye. Sasa roli ya karatasi ngumu ya mifuko inatoka Mgololo kwenda Nairobi. Kwenye forodha ni mauzo ya Tanzania na manunuzi ya Kenya. Faida inakwenda wapi? Vitabu vya forodha havina safu ya mwenye mali.

Tena, ukihesabu sura ya 48 ya forodha, ile ya karatasi, utaikuta Kenya ikiuza madaftari, maboksi na karatasi za chooni kwa majirani zake. Ukihesabu kwa mtindo wa FAO, unaoishia kwenye karatasi yenyewe na kuacha daftari nje, sehemu ya mauzo hayo inatoweka. Nchi ni ileile, mwaka uleule.

«Marufuku ya Kenya imeokoa misitu, Tanzania ingefuata mfano»

Hili nataka nikae nalo, kwa sababu ndilo lenye madhara.

Kenya imepiga marufuku kubwa mara mbili. Oktoba 1999 serikali ya Rais Moi ilisimamisha ukataji katika mashamba ya miti ya serikali, ikabakiza viwanda vichache vikubwa, kikiwemo cha Webuye. Ilidumu zaidi ya miaka kumi. Februari 2018, katika ukame, William Ruto akiwa Naibu wa Rais alitangaza nyingine ya siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, zikawa miaka mitano. Julai 2023, sasa akiwa Rais, aliiondoa mwenyewe akiwa Molo, kwa hoja kwamba ni upuuzi kuacha miti iliyokomaa ioze msituni huku watu wakikosa mbao. Mwezi uliofuata mahakama ikausimamisha uamuzi wake.

Watetezi wa marufuku wapewe haki yao. Vibali vya kukata vilikuwa vikigawiwa kwa kujuana, na maeneo yaliyokatwa yalikaa bila kupandwa upya. Kufunga mlango kwa muda hakukuwa wazimu. Na ni kweli kwamba tathmini ya 2021 ilipata asilimia 12.13 ya ardhi ya Kenya ikiwa na miti.

Lakini soma vizuri: hiyo ni ardhi yenye miti, na ndani yake imo miti ya mashambani mwa watu. Misitu yenyewe ni ile asilimia 8.83. Marufuku haikumgusa mkulima mwenye mikaratusi na migrevilea kwenye mpaka wa shamba lake, ilimfungulia soko. Mwenye kiwanda cha kupasua mbao aliyenyimwa miti ya serikali alikwenda kugonga kwa mkulima. Kwa maoni yangu, sehemu nzuri ya ongezeko linalosifiwa ni kazi ya wakulima waliopanda kwa sababu mbao zilikuwa na bei, jambo ambalo halihusiani na uhifadhi wala halipingani nao.

Ndani ya mashamba ya serikali, kuzuia kukata kulizuia pia kupanda. Kenya imezoea mfumo wa shamba: eneo likishakatwa, wanavijiji hupewa vipande walime mahindi na viazi kati ya miche, wakipalilia chakula chao wanaipalilia na miti. Bila eneo jipya lililokatwa hakuna pa kulima, na bila kulima miche haina mpaliliaji wa bure. Matokeo yake ni mashamba yenye misaipresi ya Meksiko iliyozeeka upande mmoja na uwazi upande wa pili, na umri wa katikati umekosekana. Pengo hilo la umri halionekani kwenye picha ya setilaiti ya mwaka wa marufuku. Huonekana miaka ishirini baadaye.

Na seremala wa Gikomba, Nairobi, je? Yeye hakuweka msumeno chini. Nyumba ziliendelea kuezekwa, vitanda viliendelea kutengenezwa, shule ziliendelea kuagiza madawati. Mbao ngumu zilikuja kutoka Kongo kupitia Uganda. Mbao laini zilikuja kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Hapo ndipo saa mbili zilipogonga pamoja bila mtu kuzipatanisha: paini iliyopandwa Sao Hill miaka ya 1970 ilifikia umri wa kukatwa mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na siku ileile Kenya ilipofunga mashamba yake. Wanaosifu sera za Tanzania kwa kupanda kwa mauzo yake ya mbao katika miaka ya 2000, na wanaozilaumu kwa jambo lilelile, wote wanasahau kwamba uamuzi mkubwa ulifanyika Nairobi, na kwamba miti ilishapandwa robo karne kabla.

Mkaa unaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Januari 2018 Gavana wa Kitui, Charity Ngilu, alizuia mkaa kutoka katika kaunti yake; mwezi mmoja baadaye lori likateketezwa barabarani katika vurugu zilizofuata. Marufuku ya taifa ikaja juu yake. Majiko ya Nairobi hayakuzimika. Mkaa ulikuja kutoka Uganda na Tanzania, na Tanzania nayo kwa muda mrefu haijaruhusu mkaa wa misitu ya asili uvuke mpaka. Mzigo uliokatazwa kutoka hauandikwi na mtu. Kwenye jedwali la biashara ya nchi mbili, mkaa huo haupo. Kwenye miombo, upo kwa maana ya visiki.

Kwa hiyo anayesema Tanzania ifuate mfano aeleze kwanza mahitaji yatahamia wapi. Kenya ilikuwa na Tanzania. Tanzania ikifunga, inayofuata ni Msumbiji, Zambia na Kongo.

«Takwimu hazidanganyi»

Takwimu za biashara hii zina tabia zake, na mtu anayezijua huzitumia vizuri. Asiyezijua hudanganyika hata kama kila namba ni sahihi.

Anza na muuzaji na mnunuzi. Bidhaa iliyouzwa na nchi moja lazima iwe imenunuliwa na nyingine, kwa hiyo vitabu viwili vinapaswa kukaribiana. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, lilichapisha uchunguzi wake kuhusu ukataji wa miti kusini mwa Tanzania, uliopamba moto baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003 na kuiunganisha Lindi na Mtwara na Dar es Salaam. Wachunguzi walikuta kwamba China iliandika kupokea kutoka Tanzania mazao ya mbao mara kumi ya yale ambayo Tanzania yenyewe iliandika kuyauza. Mara kumi! Ukilinganisha Kenya na Tanzania kwa kutumia vitabu vya Tanzania vya miaka hiyo, unalinganisha Kenya na sehemu moja ya kumi ya jirani yake, angalau katika soko hilo la China.

Kosa huenda na upande wa pili pia. Msandali ni mti mdogo wa maeneo makavu, na mafuta yake ya manukato yamejaa zaidi kwenye shina la chini na mizizi. Mkataji haukati, anauchimba, anaung'oa wote, na anayejua kazi huchagua miti jike kwa sababu ina mafuta mengi zaidi. Hakibaki kisiki cha kuchipua wala mti wa kuzaa mbegu. Kenya iliupiga marufuku mwaka 2007. Viwanda vya kukamua mafuta vilikuwa nje ya mipaka yake, Tanzania kwanza, baadaye na Uganda, na mizigo ikaelekea huko usiku. Mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa ombi lililotoka kwenye kanda yenyewe. Kwa miaka yote hiyo, kwenye mauzo halali ya Kenya msandali ni sifuri. Mti uliochimbwa Samburu uliingia sokoni ukiwa na uraia mwingine. Sasa niambie nani hapo ni muuzaji.

Nguzo za umeme nazo zina kisa chao. Mwaka 2012 Bunge la Dodoma lilisikia malalamiko kwamba nguzo zilizokatwa Iringa zilikuwa zikipelekwa Mombasa na kurudi Tanzania kama bidhaa iliyoagizwa nje. Nguzo moja, safari mbili, na kwenye takwimu imeuzwa mara moja na kununuliwa mara moja.

Halafu kuna vipimo. Ukifika Mafinga utaona mashine ya kupasua mbao inayobebwa huku na huko, watu wa huko wanaiita dingdong. Msumeno wake ni wa duara na ni mnene. Kila unapopita unakula mbao. Zaidi ya nusu ya gogo huishia kuwa vumbi na mabanzi. Mbao inayotoka huitwa mbili kwa nne, lakini weka rula: inchi mbili hazitimii, na ikikauka inapungua tena, maana hupakiwa ikiwa mbichi, maji yanachuruzika kwenye lori. Maofisa huhesabu vipande, wanazidisha kwa kipimo cha jina, wanaandika mita za ujazo. Kwa hiyo mita moja ya mbao iliyouzwa Kenya inawakilisha zaidi ya mita mbili za gogo lililosimama Mufindi, na wakati huohuo si mita moja kamili. Mwingine anachukua namba hiyo na kuilinganisha na mita za ujazo za magogo yaliyotolewa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Vitu viwili havifanani ila kwa jina la kipimo.

Mkaa huuzwa kwa gunia, na gunia lenye lumbesa lina kilo ngapi ni suala la aliyelishona. Takwimu za kimataifa za kuni na mkaa kwa nchi zetu ni makadirio yanayofuata idadi ya watu na mienendo ya matumizi. Ndiyo maana mstari wa mkaa kwenye grafu unapanda taratibu, bila kutikisika, hata mwaka wa marufuku. Ukiona mstari ulionyooka hivyo katika biashara ambayo lori moja linaweza kuchomwa moto, jua hakuna aliyesimama barabarani kuhesabu.

Fedha ndiyo mtego wa mwisho. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa shilingi 8 hivi za Tanzania kwa bei rasmi. Mwaka 1990 ilikuwa zaidi ya 190. Katika miaka ya katikati bei rasmi na ya mtaani zilikuwa dunia mbili. Mpaka wenyewe ulifungwa kuanzia 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika hadi 1983, na jedwali la miaka hiyo linaonyesha karibu ukimya kati ya nchi hizi. Sidhani kuna mzee wa Taveta au Rombo atakayekubali kwamba watu waliacha kuuziana.

Je, tuzitupe takwimu? Hapana. Soma vitabu vyote viwili, cha anayeuza na cha anayenunua, tumia miaka mingi badala ya kumi, tenganisha mbao na karatasi na mkaa, na useme wazi umeanzia wapi. Ukifanya hivyo kauli nyingi kali hupoa zenyewe.

«Jumuiya imefungua mipaka, sasa biashara iko huru»

Umoja wa forodha ulianza 2005 na soko la pamoja 2010. Ushuru wa mbao zenye asili ya Jumuiya si tatizo tena. Muulize dereva wa lori la mbao kinachomchelewesha, hatataja ushuru. Atataja kibali cha kusafirisha, alama ya nyundo kwenye gogo au mbao, cheti cha afya ya mimea, na vizuizi vya barabarani ambako karatasi zote hukaguliwa upya. Mwaka 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilikubaliana kushirikiana dhidi ya biashara haramu ya mazao ya misitu. Linaitwa Azimio la Zanzibar, ingawa lilitiwa saini Durban. Lina maneno mazuri.

«Tanzania inatoa mti, Kenya inatoa ujuzi»

Dai hili lina kiburi kidogo na husemwa pande zote mbili, upande mmoja kwa majivuno na mwingine kwa uchungu. Kwa karatasi na plaiwudi kuna kipindi lilikuwa kweli. Tanzania yenyewe imekuwa ikilijibu kwa sheria: miaka ya 2000 ilikataza kusafirisha magogo nje ya nchi, na baadaye Mufindi na Njombe zikapata viwanda vingi vya vinia vinavyomenya mlingoti na paini kuwa karatasi za mbao za kutengenezea plaiwudi.

Lakini angalia vinyago, maana navyo ni zao la msitu na vina safu yake kwenye forodha. Kenya ndiyo iliyojulikana duniani kwa vinyago vya Wakamba, kutoka Wamunyu hadi ushirika wa Changamwe, Mombasa. Fundi anayetajwa kuanzisha kazi hiyo, Mutisya Munge, aliijifunza kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye mpingo ukaadimika Kenya, mafundi wakahamia kwenye mwarobaini na jakaranda. Kwa hiyo ujuzi ulitoka kusini ukaenda kaskazini.

Na mpingo unaobaki Tanzania? Mwingi wenye thamani hauendi Kenya. Unakwenda Ulaya kutengeneza klarineti na zumari za okestra, baada ya kupasuliwa vipande vidogo visivyo na ufa hata mmoja, huku sehemu kubwa ya gogo ikitupwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, kwa misitu yao ya asili, vya kwanza Afrika kwa misitu inayosimamiwa na jamii. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo kwenye orodha ya pili ya CITES. Katika biashara hii Kenya haimo kabisa, na ulinganisho wa nchi mbili hauna cha kusema.

«Miti ya Kenya ikikomaa, Tanzania itakosa soko»

Hili ni dai la sasa, lililopata nguvu tangu Kenya ilipotangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 hadi 2032. Wenye mashamba Njombe wameanza kuulizana wafanye nini.

Kwanza, miti bilioni 15 ni miti ya kila aina: ya vyanzo vya maji, mikoko, matunda, ya nyika. Ni sehemu tu itakayofika kwenye msumeno. Pili, misaipresi ya Meksiko kwenye nyanda za juu za Kenya huhitaji miaka 25 hadi 30 kutoa mbao nzuri. Mche uliopandwa 2023 utapasuliwa karibu na 2050. Kati ya sasa na hapo ndipo lilipo lile pengo la umri lililoachwa na miaka ya marufuku, na pengo hilo halizibiki kwa kupanda leo.

Tatizo la mkulima wa Makete liko kwake. Paini inatakiwa ikae miaka 18 hadi 25. Yeye, akibanwa na ada ya shule au ugonjwa, anaiuza ikiwa na kumi, wakati mwingine minane. Mnunuzi anakuja na dingdong, anapasua vijiti vyenye kiini laini na mafundo mengi, anapakia. Mbao hizo zikifika Nairobi zinajipinda kwenye paa kabla mwenye nyumba hajahamia, na fundi anaanza kuuliza bei ya vyuma. Soko la Kenya likipotea, litakuwa limepotelea hapo, kwenye mti wa miaka minane, na jedwali la mita za ujazo litaendelea kupanda hadi mwaka wa mwisho.